Betri ya gari inayokufa kila mara: pima kwanza, nunua baadaye

Mwanzisha uzi

Wakuu, gari likigoma kuwaka asubuhi, likabustiwa likawaka, kisha baada ya siku mbili likagoma tena, wengi wetu hukimbilia dukani kununua betri mpya. Betri hiyo huficha tatizo kwa wiki kadhaa, halafu nayo huanza kulegea, na lawama zote humwangukia muuzaji. Ukweli ni kwamba washukiwa ni watatu: betri yenyewe isiyoshika chaji, altaneta (jenereta inayozungushwa na injini) isiyorudisha kile kilichotumika, au kifaa fulani kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Kila mmoja ana kipimo chake, na vyote vinawezekana kwa multimita ya kawaida, mradi mpimaji afuate mpangilio.

Mpangilio huo unaanza na kuchaji, na hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Betri iliyokwisha chaji haipimiki. Itafeli kipimo cha kuwasha hata kama ni nzima, na itaishusha altaneta ionekane dhaifu ilhali haina kosa. Tumia chaja ya nje, kwa sababu altaneta ilitengenezwa ili kuendesha vifaa vya gari na kurudishia chaji kidogo iliyopungua. Kuilazimisha ijaze betri tupu ni kuifanyisha kazi kwa nguvu zake zote hadi ichemke. Betri ya ampea-saa 60 ikichajiwa kwa ampea 6, yaani sehemu ya kumi ya uwezo wake, itahitaji usiku kucha. Chaji mahali penye hewa, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo tu, na zima chaja kwanza kabla ya kuondoa klipu zake. Kama betri ina vifuniko vinavyofunguka, chungulia ndani: sahani zikiwa zimejitokeza juu ya maji, ongeza maji yaliyotoneshwa yazifunike tu, kisha ujaze hadi alama baada ya kuchaji. Usiongeze asidi.

Baada ya kuchaji, iache itulie kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Chaji mpya hukaa juu juu ya sahani na kuifanya mita isome 13 na zaidi, na anayepima muda uleule hujidanganya. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, hivyo iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebakiwa na robo tatu hivi, 12.2 ni kama nusu, 12.0 ni karibu robo, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Zile za aina ya AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, husoma juu kidogo, kuanzia 12.8 zikijaa. Kati ya namba zote, 10.5 inafaa kukaririwa: betri iliyochajiwa ipasavyo halafu ikatulia karibu na hapo, kwa kawaida imepoteza seli moja nzima, na hakuna chaja itakayoirejesha.

Hata hivyo, volti za betri iliyotulia hueleza kiasi cha chaji tu. Hazielezi kama betri ina nguvu ya kusukuma stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Betri iliyoachwa ikiwa tupu kwa muda mrefu huota fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na inaweza kusoma 12.6 asubuhi na kuporomoka mara tu ufunguo unapozungushwa. Kwa hiyo mwombe mtu apige stata huku mita ikiwa juu ya vichwa vya betri. Katika hali ya hewa isiyo ya baridi kali, volti hazipaswi kushuka chini ya 9.6. Kama injini inawaka haraka mno kiasi kwamba huwahi kusoma, toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili izunguke bila kuwaka, na usizidishe sekunde kumi. Betri inayofunguka ina kipimo kingine kizuri zaidi ambacho siku hizi kimesahaulika, nacho ni haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya betri kwa kulinganisha na maji ya kawaida: seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo imefika mwisho hata kama leo bado inawasha gari.

Kabla ya kuigeukia altaneta, shughulikia viungo. Magari mengi yanayosemekana kuwa na betri mbovu yana kibano kilicholegea au ule unga mweupe au wenye rangi ya kijani na buluu unaoota kwenye vichwa. Kuutazama peke yake hakutoshi, kwa sababu uchafu unaozuia umeme huwa ndani, pale kichwa na kibano vinapogusana. Weka ncha moja ya mita katikati ya kichwa chenyewe cha betri, kwenye risasi, na ncha ya pili kwenye kibano kinachokishika kichwa hichohicho, kisha mtu apige stata. Vyuma viwili vinavyogusana sawasawa vitaonyesha karibu sifuri. Ukiona nusu volti hapo, huo ni umeme unaopotea katika nafasi isiyozidi unene wa karatasi. Fungua upande wa hasi kwanza na uurudishe mwisho, safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea bila kuyaruhusu yaingie ndani ya seli, sugua hadi risasi ing'ae, kausha, kaza. Pima vilevile kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini wakati wa kupiga stata. Waya mzima usipoteze zaidi ya volti 0.2 hadi 0.3.

Sasa altaneta. Washa gari, pandisha mzunguko wa injini hadi 1,500 au 2,000 hivi kwa dakika, na upime kwenye betri. Katika mfumo wa kawaida utaona kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma; volti zishuke kidogo tu na zibaki juu ya 13.5 au karibu na hapo. Zikibaki 12 na kitu huku zikiendelea kushuka, altaneta haichaji, lakini usiing'oe kabla hujaangalia mkanda unaoteleza, fyuzi kubwa iliyoko kati yake na betri, na soketi yake ya nyuma. Ipo pia taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi: katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye taa hiyo, hivyo balbu yake ikiungua altaneta inaweza isiamke, na dereva hapati onyo lolote. Iangalie kama inawaka ufunguo unapofunguliwa kabla ya injini kuwaka. Kinyume chake, mita ikipita 15, kidhibiti cha volti kimeharibika na betri inachemshwa. Utaisikia kwa harufu kama ya mayai viza, na maji yake yatakuwa yanapungua kila ukichungulia.

Betri ikipita na altaneta ikipita, anabaki mshukiwa wa tatu, ambaye hufanya kazi yake usiku. Gari lililozimwa bado hutumia umeme kidogo kwa saa, alarmu na kumbukumbu za kompyuta zake, na kiasi cha milliampea 20 hadi 50 ni cha kawaida. Milliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, jambo ambalo betri ya 60 hulivumilia kwa wiki kadhaa. Lakini balbu ndogo ya wati 5 iliyobaki ikiwaka ndani ya buti hula ampea 0.4, karibu ampea-saa 10 kwa siku, na siku tatu zinatosha kulifanya gari ligome.

Ili kupima, zima kila kitu na utoe ufunguo. Funga kufuli za milango na ya boneti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa huku wewe ukiweza kufikia fyuzi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, unganisha mita kati ya kichwa cha hasi na waya wake, kisha subiri. Kusubiri huku si mapambo. Kompyuta za gari hazilali papo hapo. Nyingine huchukua dakika 20, nyingine karibu saa nzima, na anayesoma mapema ataona ampea kadhaa na kuanza kusaka hitilafu isiyokuwapo. Mita ikiwa katika hali hiyo usipige stata wala kufungua swichi ya ufunguo, kwani fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Kiasi kikibaki juu ya milliampea 50 baada ya gari kulala, tafuta mkondo unaohusika. Njia ya zamani ni kuchomoa fyuzi moja moja hadi usomaji ushuke. Mimi naipendelea njia nyingine kwa magari yenye kompyuta nyingi, kwa kuwa kuchomoa na kurudisha fyuzi huziamsha upya. Weka mita kwenye millivolti na uguse zile nukta mbili ndogo za chuma zilizo juu ya kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri kamili. Inayopitisha itaonyesha sehemu ya millivolti au zaidi. Ukiipata, soma kwenye kifuniko inahudumia nini, kisha tenganisha vifaa vyake kimoja kimoja. Anza na vile vilivyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani: redio, alarmu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya dashibodi. Redio mpya huwa na nyaya mbili za umeme, ule wa kudumu wa kumbukumbu na ule wa swichi, na fundi mvivu akizifunga pamoja, redio hiyo hailali kamwe.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa maelezo. Naomba ufafanuzi juu ya safari fupi. Mimi huendesha gari kwa dakika chache tu asubuhi na jioni, na nimeambiwa kwamba kila ninapowasha injini natumia umeme mwingi kuliko ule ambao safari inaurudisha. Je, hiyo yaweza kuwa sababu?

Mwanzisha uzi

Safari fupi ni sababu, ila si kwa njia uliyoelezwa. Piga hesabu: stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde 3, imetumia ampea-sekunde 600, ambazo ni chini ya ampea-saa 0.2. Altaneta nzima huzirudisha kwa dakika chache. Shida ni kwamba betri ya risasi hupokea chaji kwa pupa inapokuwa imepungua sana, kisha kadiri inavyokaribia kujaa hukataa kuharakishwa, na ile asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi. Gari la safari fupi linalowasha taa, feni na redio kila mara hukaa kati ya nusu na robo tatu miezi yote, na katika hali hiyo ndipo salfeti inapogeuka kuwa ngumu. Betri haifi kwa sababu ya kuwasha. Inakufa kwa kutojaa. Dawa yake ni kuichaji kwa chaja ya nje usiku mmoja kila baada ya wiki chache, na wala huhitaji kubadilisha chochote.

Mchangiaji wa pili

Kwa nini tujisumbue na mita? Fundi wangu huwasha gari, huondoa waya wa hasi kwenye betri injini ikinguruma, na ikizimika anajua altaneta imekufa. Kipimo hicho hakijawahi kumwangusha.

Fundi wa umeme wa magari

Naomba nijibu hili, kwa kuwa gharama yake huletwa kwangu. Betri katika gari linalowaka ndiyo inayomeza mawimbi ya volti kutoka kwenye altaneta. Ukiing'oa ghafla wakati altaneta inasukuma ampea nyingi, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na muda huo unatosha kuua dayodi za altaneta, kidhibiti chake au kompyuta ya injini. Kwa magari ya zamani yasiyo na kompyuta mtu aliponea kwa bahati. Tena kipimo chenyewe hakisemi kitu, kwa sababu altaneta inayotoa volti pungufu ya 13 itaendesha injini bila shida na bado haitajaza betri.

Naongeza jambo moja juu ya zile volti 13.8 hadi 14.7. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana altaneta inayoongozwa na kompyuta, pamoja na kihisi kidogo kilichofungwa kwenye kibano cha hasi. Mfumo huo huweza kushusha volti hadi 12.5 betri ikiwa imejaa na kupandisha hadi karibu 15 gari linapopunguza mwendo. Kwa hiyo usiihukumu altaneta ya namna hiyo kwa usomaji mmoja. Washa taa kubwa na hita ya kioo, ziache dakika chache, uone kama volti zinapanda. Magari hayo pia yasichajiwe kwa klipu ya hasi iliyowekwa moja kwa moja juu ya kichwa cha betri, bali kwenye chuma cha bodi au nukta iliyotengwa, ili kihisi kihesabu chaji iliyoingia. Yale yanayozima injini yenyewe kwenye foleni huhitaji betri ya AGM au EFB (betri ya maji iliyoimarishwa) kama mtengenezaji alivyoelekeza. Ukiweka ya kawaida itachakaa mapema, na baadhi hudai betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuata hatua zote na nimekwama. Betri yangu ni mpya, na baada ya kuchaji ilitulia kwenye 12.6. Wakati wa stata inashuka hadi 10.4. Altaneta inatoa 13.9. Vichwa ni safi. Hata hivyo gari likilala siku mbili tatu haliwaki. Nilipima unyonyaji nikapata ampea 0.6, nikachomoa fyuzi zote za ndani na za chini ya boneti, pamoja na rilei, na usomaji haukubadilika hata kidogo. Umeme unaenda wapi ikiwa kila fyuzi imetoka?

Mwanzisha uzi

Usomaji usiobadilika ni jibu zuri, kwa sababu umeondoa karibu gari zima katika orodha. Kinachobaki ni kile kilichounganishwa na betri kwa waya mnene usiopita kwenye fyuzi hizo ndogo, nacho ni stata na altaneta. Ndani ya altaneta kuna dayodi zinazoruhusu umeme utoke bila kurudi. Moja ikianza kuvuja, umeme wa betri hurudi kinyumenyume ndani ya altaneta usiku kucha, huku dayodi zilizobaki zikiendelea kuchaji mchana kiasi cha kukupa 13.9 na kukutuliza.

Fanya vipimo viwili. Gari likiwa limelala tangu jana, kabla ya kuwasha chochote, gusa mgongo wa altaneta kwa kiganja: ampea 0.6 kwa volti 12 ni wati 7 za joto, na mara nyingi chuma chake kitakuwa vuguvugu wakati injini yote ni baridi. Kisha washa injini, weka mita kwenye volti za mkondo geu (AC), na upime kwenye betri. Usomaji ukizidi nusu volti, dayodi zina hitilafu. Ili kuthibitisha, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri, fungua waya mnene wa altaneta, ufunge mpira ncha yake isiguse chuma, rudisha mita na upime tena unyonyaji. Usipite hatua ya kuondoa hasi, maana waya huo unatoka betri moja kwa moja na spana ikigusa bodi utaona moto.

Mchangiaji wa tatu

Mrejesho: altaneta ilikuwa na joto asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mkondo geu ulisoma 0.8. Nilipotenga ule waya mnene, unyonyaji ulishuka hadi milliampea 30. Fundi amefungua altaneta, amebadilisha sahani ya dayodi peke yake na kuacha vingine vyote, na sasa inatoa 14.3 na mkondo geu ni mdogo mno. Swali langu la mwisho ni kuhusu betri: imekwisha chaji kabisa mara nyingi katika kipindi hiki. Niiamini?

Fundi wa umeme wa magari

Usiihukumu kwa umri wake. Ichaji hadi chaja ijizime yenyewe, iache saa 12 ikiwa imetenganishwa na gari, kisha isomwe. Ikiwa bado iko juu ya 12.5, ipeleke ikapimwe kwa mzigo: nusu ya ile namba ya CCA (ampea za kuwashia gari kwenye baridi) iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa sekunde 15, na volti zisishuke chini ya 9.6. Ikipita, itumie. Ikifeli na bado ina dhamana, irudishe pamoja na karatasi ya matengenezo ya altaneta, kwa kuwa muuzaji makini atauliza kwanza ni nini kiliiua.